Pitipana

Ubao wa mgahawa wangu, hapa Kiusa,
umeandikwa kwa chaki:
Mtori. Ndizi nyama. Wali maharage.
Na chini kabisa, kwa herufi hafifu, maana chaki iliishia hapo:
Pitipana.

"Hiyo ni ya wapi?" wateja huuliza.
Mmachame husema ni ya Warombo.
Mrombo hucheka: sisi? Labda Wapare.
Mpare huuliza bei kwanza.

Ni ya mama yangu, Ndeonasia,
aliyepika miaka kumi na mmoja kule Shanti
kwa nesi wa Kiswidi, Ingegerd,
jina ambalo mama alilipunguza kama mafuta ya nyama
likabaki Inge.

Kila Jumatatu Inge alifungua friji
akatoa walionusurika Jumapili:
viazi vilivyochemshwa vikalala,
kipande cha nyama kikavu kama soli,
soseji mbili, kitunguu nusu.
Vidogo vidogo kikaangoni, akasema,
hiyo ndiyo maana yake, jina lote.
Mama akajisemea: kumbe kiporo tu!
Nao wanacho,
ila chao wamekibatiza.

Lakini kiporo cha Inge kilikuwa na sheria.
Kiazi kiwe ukubwa wa dadu.
Kiazi kwanza, peke yake, kisisumbuliwe,
mpaka kilie ukikigusa kwa mwiko.
Kitunguu baadaye. Nyama mwisho,
hiyo ilishapikwa jana, inahitaji kukumbushwa tu.
Usifunike. Ukifunika umepika uji.
Juu, yai jicho wazi. Pembeni, bitiruti ya siki,
nyekundu hata mama alidhani mtu kajikata.

Krismasi moja wakaja wageni.
Bwana Troels, Mdenishi, akadai sosi nyeusi ya chupa
na nyama iwe nyingi kuliko viazi, ndivyo kwao.
Sista Gunvor wa Norwei akamtaja bibi yake
na nyama ya chumvi, na hakuna zaidi.
Mwingine akataka krimu.
Wakabishana kwa lugha tatu zinazofanana
juu ya kiporo
mpaka kikapoa.
Mama alikuwa mlangoni na mwiko wake, kimya.

Inge alipoondoka, kiinua mgongo hakikuja.
Kilikuja kikaango cha chuma, kizito kama deni.
Mama akakipandisha Mbokomu kichwani, mvua ya Aprili,
kikikinga maji njia nzima.

Huko viazi vilipoisha alikata ndizi mshare.
Soseji haikuwepo, ilikuwepo shingo ya mbuzi
iliyobaki kwenye ubarikio wa jirani.
Bitiruti ikawa kachumbari.
Watoto sita, mayai mawili:
jicho likafumbwa, likakorogwa humo humo liwafikie wote.
Ila dadu ilibaki dadu.
Tukikata vikubwa alivirudisha ubaoni.
"Inge hali hivi," alisema,
na Inge alikuwa ameshaondoka miaka tisa.

Mimi natia pilipili mbuzi.
Kijana wa bodaboda anaiita zege ya heshima.
Dada wa benki hali nyama, namwekea uyoga.
Mwalimu Tarimo anapondea parachichi juu, namwacha.
Siwabishii. Nabishana na mpishi wangu tu,
kuhusu kisu, na kuhusu kile kifuniko.

Mwezi uliopita mama alishuka mjini kwa ajili ya macho.
Daktari alimfunga bandeji jicho moja, la pili lina ukungu.
Nikamkalisha meza ya karibu na jiko, asikie mafuta.
Nikamletea sahani.
Hakuuliza ni nini.
Alikula taratibu, uma ukipapasa kama fimbo njiani,
akala mpaka sahani ikawa nyeupe,
isipokuwa kiazi kimoja, kikubwa,
alichokisogeza ukingoni
na kukiacha pale, peke yake,
nikione.